Tathmini ya MSTAR: data ya kutambua shabaha za rada kwa umbo la uso wa picha

Anayetaka kujifunza kutambua shabaha kwenye picha za rada ya SAR (rada inayounganisha miangwi mingi ikiwa safarini ili kuunda picha kali) huelekezwa MSTAR kabla ya kitu kingine chochote. Ni mkusanyiko wa picha za magari ya kivita, malori na mitambo uliotokana na mradi wa DARPA, wakala wa utafiti wa ulinzi wa Marekani, na Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani (AFRL) katika miaka ya 1990. Sehemu yake ya wazi hutolewa bila malipo kwenye tovuti ya data ya AFRL kwa aliyejiandikisha. Hapa tunaupima kwa kazi moja tu, nayo ni sifa za umbo la uso: kuichukulia picha kama ardhi yenye miinuko na mabonde, mng'ao wa pikseli ukiwa ndio kimo, kisha kuitambua shabaha kwa vilele, matuta na makorongo yake.

Kwa kuunda na kupima sifa za aina hiyo, tunaipa nyota 4 kati ya 5. Kwa kushindania asilimia za usahihi, nyota 2, na hizo ni za ukarimu. Ardhi iliyolizunguka gari inaweza kuipa kompyuta jibu kabla gari lenyewe halijatazamwa, na asiyelijua hilo atashangilia alama ambazo hazina maana.

Unachopata

Rada iliyotumika ni ya maabara za Sandia, bendi ya X, karibu gigahezi 9.6, ikituma na kupokea mawimbi ya mlalo tu (HH). Upana wa bendi ni megahezi 591. Ukigawanya kasi ya nuru kwa mara mbili ya upana huo unapata ubainifu wa sentimita 25, yaani umbali mdogo kabisa unaotenganisha nukta mbili. Picha zimepakwa uzito wa Taylor wa desibeli -35 ili kuyafifisha mabawa ya pembeni (mng'ao bandia unaoenea kando) ya kila nukta angavu, na gharama yake ni ubainifu kupanuka hadi sentimita 30. Pikseli zenyewe zimepangwa kila sentimita 20. Shika tarakimu hizi mbili za mwisho, 30 na 20, kwa sababu makosa mengi ya hesabu za uso huanzia hapo: pikseli mbili zilizo jirani hazibebi taarifa mbili zinazojitegemea.

Shabaha ni kumi: magari ya deraya BMP2, BTR70, BTR60 na BRDM2, vifaru T72 na T62, mzinga unaojiendesha 2S1, mzinga wa kutungulia ndege ZSU-23/4, lori ZIL131 na tingatinga D7. Kila moja limepigwa picha pande zote, karibu digrii 360, likiwa na picha moja kwa kila digrii 1 hadi 2 hivi. Mgawanyo uliozoeleka ni kufunza kwa picha za pembe ya mwinamo (pembe ambayo rada huitazama ardhi kwenda chini kutoka mlalo) ya digrii 17 (jumla 2,747) na kujaribu kwa zile za digrii 15 (jumla 2,425). Zipo pia picha za digrii 30 na 45 kwa shabaha chache, na hizo ndizo zenye thamani kubwa zaidi kwa kazi hii, ingawa watu wengi huziacha kwenye folda bila kuzifungua.

Vitu viwili zaidi vimo ndani ya kifurushi na havisifiwi inavyostahili. Cha kwanza ni SLICY, shabaha ya majaribio iliyoundwa kwa maumbo sahili: silinda, kona za pande mbili, kona za pande tatu, silinda iliyosimama juu ya bamba. Cha pili ni mandhari 100 ya ardhi isiyo na magari, yenye miti, mashamba na majengo, kila moja likizidi pikseli 1,400 kwa 1,700. SLICY ni ya kusahihishia hesabu zako. Mandhari ni ya kupimia kengele za uongo. Mradi unaotumia magari kumi peke yake umeacha nusu ya mzigo ghalani.

Kufungua faili

Faili si JPEG wala TIFF. Kila moja huanza na kichwa cha maandishi ya kawaida, kisha data ghafi. Ndani ya kichwa tafuta `PhoenixHeaderLength` ili ujue baiti za kuruka, halafu `NumberOfColumns` na `NumberOfRows`. Baada ya kichwa kuna namba za desimali za biti 32 zilizopangwa baiti nzito kwanza: ukubwa wa mawimbi kwa picha nzima, kisha fezi (hatua ya wimbi ndani ya mzunguko wake) kwa picha nzima. Kompyuta nyingi za leo husoma baiti nyepesi kwanza, kwa hiyo usipogeuza mpangilio utaona takataka zenye namba kubwa mno au ndogo mno. Kifurushi huja na programu ndogo za lugha ya C za kubadili faili kuwa ghafi, JPEG au TIFF. Hiyo ya ghafi inafaa. Ya JPEG usiiguse kwa kazi hii: mgandamizo wake huunda vijiti na ngazi kwenye uso, na derivativu ya pili (kipimo cha jinsi uso unavyopinda) itaviona vyote kuwa ni matuta. Mandhari ya ardhi nayo yamehifadhiwa kwa namba kamili za biti 16, kwa hiyo msomaji mmoja wa faili hatoshi kwa vyote viwili.

Mtego mwingine uko kwenye majina. Kiambishi cha mwisho cha faili si pembe ya mwinamo. Picha za T72 yenye namba SN_132 huishia na `.015` kwenye folda ya digrii 15 na kwenye folda ya digrii 17 vilevile, na viambishi kama `.000` hurudiwa na magari tofauti kabisa. Anayekusanya faili zote kwenye folda moja kisha kuzipanga kwa kiambishi atachanganya mafunzo na majaribio bila kujua. Chukua pembe, aina na namba ya gari kutoka ndani ya kichwa, na ubakize majina ya folda kama yalivyo.

Vipimo vya picha navyo havilingani. BMP2, BTR70 na T72 ni pikseli 128 kwa 128, 2S1 na ZSU-23/4 ni 158 kwa 158, T62 ni 172 kwa 173, D7 ni 177 kwa 178, ZIL131 ni 192 kwa 193. Ukizivuta zote zilingane ukubwa, umebadilisha kipimo cha kila aina kwa namna yake, na kiainishi (programu inayotambua aina) kitatambua aina kwa ulaini wa chenga, madoa ya nasibu ya picha za rada, tu. Kata kipande cha katikati, usivute wala usikunje. Kata cha 128 kama unahitaji kivuli kizima, au cha 64 kama unatazama gari pekee.

Kuugeuza mng'ao kuwa ardhi

Hapa ndipo MSTAR inapong'ara. Data ni kamili, ina fezi, haijalainishwa, na vigezo vya rada vinajulikana. Unaweza kukokotoa umbo la uso kwa usahihi ambao picha za kawaida za setilaiti hazikuruhusu.

Anza kwa kubadili ukubwa kuwa desibeli: mara 20 ya logi ya msingi wa 10. Ukibaki kwenye kipimo cha kawaida, kona moja ya chuma itapanda juu mno na gari zima litaonekana tambarare pembeni yake. Logi pia hugeuza chenga za rada, ambazo kwa asili huzidishwa na mng'ao, ziwe za kujumlishwa, na hivyo ukali wake unakuwa uleule kwenye nyasi na kwenye chuma. Ukali huo si mdogo: kwa picha ya mtazamo mmoja kama hizi, mkengeuko wake kwenye ardhi ya kawaida ni karibu desibeli 5.6. Kilele kinachoizidi ardhi jirani kwa desibeli 6 hakijathibitisha chochote.

Faida ya pili ya logi huonekana baadaye. Kuongeza au kupunguza nguvu ya jumla ya picha ni kuupandisha au kuushusha uso mzima kwa kiasi kimoja, na derivativu haijali hilo. Sifa za mpindo kwa hiyo hazidanganywi na tofauti za usawazishaji kati ya picha zilizopigwa mwaka 1995 na zile za 1996, wakati viainishi vinavyotumia mng'ao wenyewe vinaweza kudanganywa. Kwa maoni yetu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kutumia sifa za uso, na inashangaza jinsi inavyotajwa kwa nadra.

Logi ina ubaya wake. Mgawanyo wa chenga baada ya logi una mkia mrefu upande wa chini: pikseli zinazokaribia sifuri huzama mbali. Uso unajaa mashimo makali ambayo hayahusiani na kitu chochote duniani, na ndani ya kivuli hali ni mbaya zaidi. Dawa ni kuweka sakafu. Tafuta thamani ya kati ya pikseli za kivuli, kisha kila kilicho chini yake kipandishe hadi hapo. Wengine huchukua wastani wa nguvu kwenye pikseli 3 kwa 3 kabla ya logi. Hilo nalo linafanya kazi, ila hupanua vilele na kuviunganisha vilivyokaribiana, kwa hiyo tunaliona linafaa kwa mpaka wa kivuli zaidi kuliko kwa mwili wa gari.

Kinachofuata ni kulinganisha uso na polinomia ndani ya dirisha dogo linalozunguka kila pikseli. Mfumo uliozoeleka ni ule wa Robert Haralick na wenzake wa mwaka 1983, unaotumia polinomia ya daraja la tatu yenye vigawo 10. Kutokana na vigawo hivyo unapata gradienti (mwelekeo na ukali wa mteremko) na matriksi ya derivativu za pili, na thamani mbili za aigeni za matriksi hiyo ndizo mipindo miwili mikuu. Gradienti ikiwa sifuri na mipindo yote hasi, hapo ni kilele. Yote chanya, ni shimo. Ishara tofauti, ni tandiko. Mpindo mkubwa ukiwa hasi na gradienti ikawa sifuri kwenye mwelekeo wa mpindo huo, ni tuta. Ukiwa chanya, ni korongo. Pasipo gradienti wala mpindo ni tambarare, na kwingine kote ni mteremko.

Sasa angalia ukubwa wa dirisha, kwa sababu kosa la hapa ni la kimyakimya. Dirisha la 5 kwa 5 lina pikseli 25, na mtu huona 25 kwa vigawo 10 ni nyingi za kutosha. Lakini pikseli 5 ni mita 1.0, na kwa ubainifu wa mita 0.3 eneo hilo lina seli 11 tu za taarifa zinazojitegemea. Vigawo 10 kwa seli 11: polinomia inazifuata chenga karibu zote bila kulainisha chochote, na ramani ya maumbo inatoka kama mchele uliomwagika. Una njia mbili. Tumia daraja la pili, vigawo 6, kwenye dirisha la 5 kwa 5. Au bakiza daraja la tatu kwenye dirisha la 7 kwa 7, lenye seli kama 22 hivi. Kwa mwili wa gari tunapendelea ya kwanza, maana dirisha la mita 1.4 hufuta sehemu ndogo. Kwa mpaka wa kivuli, ya pili.

Sifuri ya gradienti nayo haipatikani hasa juu ya pikseli. Unachotafuta ni mahali gradienti inapovuka sifuri ukiufuata mwelekeo wa mpindo mkubwa, na mahali hapo pawe ndani ya nusu pikseli kutoka katikati. Ukilegeza hadi pikseli nzima, kila tuta linakuwa nene mara mbili na vilele vinaonekana pacha.

Kuna jambo ambalo wageni wa fani hii hulikosa: kuba la kilele ni chapa ya rada, si umbo la chuma. Nukta moja inayoakisi, iwe kona ndogo au bamba kubwa lililoelekezwa sawasawa, huchorwa kwa umbo lilelile la mwitikio wa rada. Kwenye desibeli umbo hilo halibadiliki hata nguvu ikibadilika, kwa kuwa nguvu huongeza kimo tu. Kwa upana wa sentimita 30 na pikseli za sentimita 20, uso hushuka karibu desibeli 5 ukisogea pikseli moja kutoka kileleni. Hicho ndicho kipimo chako cha kulinganishia. Kilele chenye mpindo huo ni nukta moja safi. Kilele kipana zaidi upande mmoja kuliko mwingine ni nukta mbili zilizoshikana au ukingo uliorefuka, na hicho ndicho kinachobeba habari za gari. Kwa kuwa polinomia yenyewe hulainisha kidogo, usitumie hesabu ya karatasi moja kwa moja: tengeneza nukta ya bandia kwa uzito wa Taylor wa desibeli -35, ipitishe kwenye dirisha lako, kisha uchukue mpindo unaotoka.

SLICY inakuja hapa. Maumbo yake yanajulikana mapema, hivyo unajua pale penye kona ya pande tatu panapaswa kutoa kilele kimoja kinachodumu kwenye pembe nyingi za mzunguko, wakati kona ya pande mbili hung'aa kwa pembe chache tu kisha hutoweka. Kama programu yako haioni tofauti hiyo kwenye SLICY, haitaiona kwenye T72.

Matuta yanahitaji uangalifu wa pekee. Yapo ya kweli: ubavu wa gari ukiikabili rada sawasawa, ubavu na ardhi huunda kona ya pande mbili na tuta refu angavu hujitokeza. Yapo ya uongo: mabawa ya pembeni ya nukta kali, yanayojipanga kama msalaba kwenye mistari na safu za picha. Yamefifishwa hadi desibeli 35 chini ya kilele, lakini kilele kilicho desibeli 50 juu ya sakafu bado kitakuwa na mabawa ya desibeli 15 juu ya sakafu, na programu itayahesabu. Tuta lililonyooka sawasawa na mstari au safu, likiwa limeungana na kilele kinachozidi sakafu kwa desibeli 35 au zaidi, liweke kando mpaka lithibitishwe na picha ya digrii chache pembeni.

Wasiotaka kugawa uso kwa lebo ngumu hutumia kielezo cha umbo cha Koenderink na van Doorn (1992), kinachobana mipindo miwili kuwa namba moja kati ya -1 na 1, pamoja na namba ya pili ya ukali wa mpindo. Ni laini zaidi na hakihitaji vizingiti vingi. Kasoro yake ni kwamba kwenye tambarare mipindo yote ni sifuri na kielezo hakina maana, ila kompyuta itakitoa tu. Kitupe kila ukali wa mpindo unapokuwa chini ya ule unaoupima kwenye ardhi tupu. Ile mandhari 100 ndiyo ya kupimia.

Kivuli

Ndani ya kivuli hakuna mrudisho, kuna kelele ya mashine. Lebo za uso za ndani yake hazina thamani, na kuzihesabu ni kujaza sifa zako takataka. Mpaka wake, lakini, ni hazina: unachora wasifu wa mnara wa mzinga na wakati mwingine mtutu wenyewe.

Urefu wa kivuli ardhini ni kimo kugawanya kwa tanjenti ya pembe ya mwinamo. Kwa kitu cha mita 2.2, karibu kimo cha T72, kivuli ni mita 8.2 kwa digrii 15, mita 7.2 kwa digrii 17, mita 3.8 kwa digrii 30, na mita 2.2 kwa digrii 45. Ndiyo maana sifa za kivuli zilizofunzwa kwa digrii 17 hufanya vizuri kwa 15 na kuporomoka kwa 45. Badala ya kuhifadhi urefu wa kivuli kwa pikseli, zidisha kwa tanjenti upate kimo, na uhifadhi hicho. Ukikata kipande cha pikseli 64, kivuli cha digrii 15 hakitaenea: mita 8.2 ni pikseli zipatazo 40 kuanzia gari linapoishia.

Ardhi inayovujisha jibu

Hili ndilo lililotufanya tuikate nyota. Kila gari lilisimama mahali pake, na picha za digrii 15 na 17 zilipigwa juu ya ardhi ileile. BMP2, BTR70 na T72 zimetoka mkupuo wa kwanza wa ukusanyaji, nyingine mkupuo wa pili. Imeonyeshwa zaidi ya mara moja kwamba kiainishi kinachopewa ardhi tu, gari likiwa limefutwa, bado hutambua aina kwa kiwango kinachozidi sana kubahatisha.

Jaribu mwenyewe kabla ya kuripoti chochote. Futa mstatili wa katikati unaofunika gari na kivuli, funza mfumo wako kwa kilichobaki, pima. Kwa aina kumi, kubahatisha ni karibu asilimia 10. Kila kinachozidi hapo ni uvujaji, na kinapaswa kuandikwa kwenye ripoti kando ya alama kuu. Kisha fanya kinyume: bakiza gari na mpaka wa kivuli, futa ardhi yote. Alama ya jaribio hili la pili ndiyo tunayoiamini. Epuka kujaza palipofutwa kwa sifuri tupu, kwa sababu ukingo wa shimo hilo ni ukuta mkubwa ambao derivativu itauona. Jaza kwa vipande vya ardhi kutoka kwenye mandhari tupu, vilevile kwa magari yote.

Uvujaji wa pili ni `TargetAz`, pembe ya mzunguko iliyoandikwa kwenye kichwa cha faili. Vilele vya rada hudumu digrii chache tu, kwa hiyo ni lazima kugawa mafunzo kwa sekta. Sekta za digrii 10 hutoa picha 6 hadi 8 kila moja, kiasi kinachotosha kwa shida. Kutumia `TargetAz` kwa mafunzo ni halali. Kuitumia wakati wa majaribio si halali, kwa kuwa picha ya kweli haitakuja na jibu hilo. Kadiria mwelekeo kutoka kwenye mstatili wa gari na matuta yake, na kwa kuwa mstatili hautofautishi mbele na nyuma, jaribu pembe zote mbili zinazopishana kwa digrii 180.

Majaribio yanayoonyesha ukweli

Mgawanyo wa 17 kwa 15 ni mwepesi mno, pembe zimepishana kwa digrii 2 na magari ni yaleyale. Kipimo kinachofaa ni kubadili namba ya gari: funza kwa T72 SN_132, jaribu kwa SN_812 na SN_S7, funza kwa BMP2 SN_9563, jaribu kwa SN_9566 na SN_C21. Magari ya aina moja hutofautiana kwa vifaa vya nje, mapipa ya mafuta kwa mfano, na vilele huhama. Hesabu ya jumla ya vilele hustahimili mabadiliko hayo kuliko orodha ya mahali vilipo, huku mahali vilipo kukitenganisha aina zinazofanana kama BTR60 na BTR70 vizuri zaidi. Tunashauri kubeba zote mbili na kuzipima kila moja peke yake kwanza.

Baada ya hapo nenda digrii 30, kwenye 2S1, BRDM2, ZSU-23/4 na T72. Kwenye digrii 45 tarajia mshuko mkubwa, na usiulaumu mfumo wako kwa haraka: nyuso zinazoikabili rada si zilezile, sehemu za juu za gari zinaanza kutawala, na kona za ubavu na ardhi zinapungua nguvu. Data yenyewe haina mfululizo wa pembe za katikati kati ya 17 na 30, wala kati ya 30 na 45. Kwa kazi ya umbo la uso hilo ni pengo la kuumiza, maana huwezi kufuatilia kilele kimoja kikizaliwa na kufa.

Mbadala

SAMPLE, iliyotolewa na AFRL mwaka 2019, inaoanisha picha halisi za aina hii na zilizotengenezwa kwa kompyuta kutoka kwenye maumbo ya magari. Ina aina kumi pia, na huziba sehemu ya lile pengo la kujua kilele kimetoka sehemu gani ya gari. OpenSARShip ya 2017 ina vipande 11,346 vya meli kutoka setilaiti za rada za Sentinel-1. Ni nzuri kwa mambo mengine, ila pikseli zake za mita 10 huifanya meli ya mita 100 kuwa pikseli 10 tu kwa urefu. Ukiweka dirisha la 5 kwa 5 hapo, umemeza nusu ya meli, na lebo ya tuta itakuambia kwamba ni ndefu, jambo ambalo rula ingekuambia.

Kwa anayeanza, mpangilio tunaoupendekeza ni huu: SLICY kwa wiki za mwanzo mpaka kona za pande mbili na tatu zitofautishwe, mandhari tupu kwa kuweka vizingiti, kisha T72 tatu zenye namba tofauti peke yake. Aina kumi zisubiri mpaka hizo tatu zitambulike kuwa gari moja.